Soda ya Mgeni

Mimi ni fundi cherehani wa Shanwe, hapa Mpanda mjini, na kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa soda. Sisemi mpenzi wa soda. Mpenzi hupenda, na mimi sikuwahi kukaa nikafikiri kama naipenda au siipendi. Niliinywa tu. Ukikaa kwenye cherehani tangu asubuhi, ikifika saa nne mgongo umekakamaa na tundu la sindano limeanza kukukimbia, hapo unahitaji sababu ya kuinuka. Mafundi pikipiki wa ng'ambo ya barabara, sababu yao ni sigara. Yangu ilikuwa chupa ya soda nyeusi, ya baridi, dukani kwa jirani yangu. Saa kumi, jua likipiga bati, nilirudia.

Jirani yangu alikuwa haniulizi. Akiniona nimesimamisha cherehani, anafungua friji. Nikifika kwenye dirisha lake la nondo, kizibo kimeshang'oka na mrija uko ndani. Nilikunywa nikiwa nimesimama, nikamrudishia chupa yake, nikarudi kushona. Hatukuwa na maneno mengi. Kama kuna ndoa zinazokwenda vizuri hivyo, mimi sijaziona.

Nilizaliwa Inyonga, kwenye nyumba isiyokosa kitu kitamu. Baba alikuwa na mizinga porini, na asali tulikula na viazi, na uji, na wakati mwingine na vidole tu. Lakini asali ilikuwa ya nyumbani, na mtoto cha nyumbani hakioni. Soda ilikuwa ya Krismasi. Ilikuja chupa moja kwa watoto wote, na baba aliishika mwenyewe, akaweka kidole ubavuni mwa chupa kuonyesha zamu yako inaishia wapi. Ukivuka kidole, umekunywa ya mwenzio, na Krismasi inayofuata unakuwa wa mwisho. Dada yangu mkubwa alikuwa bingwa wa kufika kwenye kidole bila kuvuka hata tone. Mimi nilikuwa wa mwisho karibu kila mwaka. Nadhani ndiyo maana nilipoanza kushika hela yangu mwenyewe nilijinunulia chupa nzima isiyo na kidole cha mtu, na sikusimama tena.

Miguu ndiyo iliyoharibu mambo. Nyayo zilianza kuwaka nikikanyaga pedeli, moto wa ndani kwa ndani, kama mtu aliyepita kwenye majivu ambayo hayajapoa. Nilinyamaza kwa sababu nilijua inaweza kuwa nini. Dada yangu yule yule alianza hivyo hivyo. Alikatwa mguu chini ya goti, na baada ya hapo hakukaa sana. Kwa hiyo siku nilipokwenda hospitali nilikuwa nimeshajizika mwenyewe. Daktari, kijana mwenye haraka zake, alinitoboa kidole, akaangalia kipimo, akaniuliza kama nakunywa soda.

"Kidogo," nilisema.

"Kidogo ni kiasi gani, mama?"

"Ya asubuhi na ya jioni."

"Kila siku?"

"Jumapili ni moja tu, baada ya ibada."

Alinitazama. Kisha akasema sukari bado haijanishika, ila niko mlangoni kwake nabisha hodi, na kama nina akili niondoke kabla sijafunguliwa. Soda niache. Ninywe maji, maji mengi, nitembee nayo. Nilitoka pale nimekasirika. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa nakufa, nikaambiwa ninywe maji.

Nilianza na ile ya saa kumi. Nilidhani itakuwa rahisi, kwa sababu jioni huwa nimeshachoka hata kutamani. Kumbe ile ya saa kumi ndiyo iliyokuwa ikinishonea. Siku za kwanza kichwa kiliuma kuanzia kisogoni mpaka kwenye meno. Nilishona sare za kwaya, nikaweka mkono wa kushoto kulia na wa kulia kushoto, na mwalimu wa kwaya alipokuja kuchukua nikamwambia ndivyo alivyonipimisha. Baadaye nilizifumua, lakini msamaha sikuomba, maana hasira ilikuwa bado ipo. Nilijaribu chai ya rangi bila sukari, nikaona afadhali maji. Nilijaribu ukwaju, nikajikuta natia sukari. Nilijaribu kunywa nusu chupa na kumwachia jirani yangu nusu aniwekee kwenye friji, lakini soda iliyofunguliwa kesho yake huwa imekufa, haina gesi, ni maji ya sukari tu. Nilikunywa hivyo hivyo, kwa uchungu.

Jirani yangu ndiye aliyeumia zaidi. Siku moja alitoka nyuma ya nondo zake, jambo ambalo halifanyi hata kwa mwenye nyumba, akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi unakunywa wapi siku hizi?"

"Sinywi."

"Usinifiche. Kama yule wa kule kona anakupa ya baridi zaidi, sema, nitapandisha friji."

Ilinibidi nimweleze habari za hospitali. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye pedeli. "Sukari? Mbona hujanenepa?" alisema. Kisha akacheka, akarudi dukani kwake, na kwa siku kadhaa kila ikifika saa nne alikuwa anafungua chupa ya mteja mwingine karibu kabisa na dirisha ili nisikie kizibo kikilia. Ni mtu mzuri, lakini ana utundu.

Mwishoni nikaona hii ya kupunguza inanitesa bure, nikaamua kuacha moja kwa moja. Hiyo nayo ina ubaya wake. Mtu aliyeacha kitu anachosha kuliko anayekitumia. Nilianza kuhutubia wateja. Mtu amekuja kupimwa gauni la kipaimara, mimi tepu iko kiunoni mwake namweleza habari za kongosho. "Mimi sinywi soda" ikawa salamu yangu. Na kila nilikokwenda, kanisani, sokoni, msibani, nilikuwa na chupa yangu ya maji kwenye kibegi, nimeifunga kitambaa isilowanishe vitu. Watu wa Shanwe walishaizoea. Kwenye vikao vya akina mama mtu akipaliwa walikuwa wananitazama mimi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwanangu ni mmoja. Baba yake alifariki akiwa bado mdogo, na kwa hiyo mambo yake yote, mazuri na mabaya, yananipata mimi peke yangu. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Katumba, na huko huko ndiko alikompata binti. Wazazi wa binti waliletwa nchini wakiwa watoto wa kubebwa mgongoni, wakati watu walipokimbia Burundi. Wamekulia Katumba, wamelima tumbaku na mahindi Katumba, wamepata uraia. Binti mwenyewe amezaliwa hapa. Mwanangu aliwahi kumleta dukani kwangu akijifanya amekuja kushonesha, nami nikajifanya nimeamini. Binti aliokota kitambaa mezani akakigeuza upande wa nje bila kuuliza, kitenge ambacho pande zake zinafanana hata mimi huwa nakitazama mara mbili. Nikamtaka hapo hapo. Sikumwambia mwanangu, asije akavimba kichwa, lakini niliitaka ndoa ile kuliko yeye.

Tulipanga kwenda kujitambulisha mimi na kaka yangu, kwa sababu mwanamke haendi kusema mwenyewe, na mwenye kuoa hakai kwenye kikao. Kaka yangu ni mtu wa kusema, anaweza kuongea na ukuta ukaitikia. Njiani akanipa masharti.

"Wewe kazi yako ni kukaa na kupendeza. Maneno niachie mimi. Na wakiuliza ukoo una magonjwa gani, maana watauliza, habari za mguu wa marehemu usizitoe. Wala hizo za daktari wako. Watu wakisikia ugonjwa wa damu wanarudi nyuma."

Nikakubali. Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Ilikuwa Jumamosi, mahindi yamekauka shambani, vumbi limeanza. Nyumba yao ni ya matofali ya kuchoma, uwanja umefagiwa, bani la kukaushia tumbaku liko nyuma. Walitupokea vizuri. Ni watu wa kanisa la kilokole, pombe haiingii pale, kwa hiyo tulianza na sala, ndefu, nikaombewa mpaka cherehani yangu. Baada ya amina, baba wa binti akanyanyuka, akavaa koti, akatoa baiskeli uani. Mama wa binti alikuwa amepita nyumba ya jirani akarudi na chupa tupu amezibana kwapani, akampa mumewe azitie kwenye kikapu. Sikuhitaji kuambiwa anakwenda wapi. Dukani hawakuachii uondoke na chupa ya soda kama hujaleta tupu, na nyumba isiyokunywa soda haina chupa. Alipanda baiskeli kwa shida kidogo, goti moja likikataa kukunjika, akaondoka. Sisi tukabaki tunazungumza habari za mvua.

Alirudi jasho likimtoka ndani ya koti. Zilikuwa soda mbili, yangu na ya kaka yangu; wenyewe hawakujinunulia. Zilikuwa za moto, yaani zilizokaa tu kwenye kreti, maana kule friji si jambo la kila duka. Mama wa binti aliipangusa yangu vumbi kwa upindo wa kitenge chake, akaiweka kwenye kigoda mbele yangu, akaifungua nikiwa naona, kizibo kikalia.

"Karibu, mama."

"Asante," nikasema. "Mimi sinywi soda."

Nilisema kama ninavyosema Shanwe, kwa kichwa juu. Kaka yangu akanigeukia taratibu. Mama wa binti akabaki ameshika kifungulio. Kisha akakaa, na mazungumzo yakaendelea, kaka yangu akieleza ukoo wetu ulivyotoka Inyonga, nani alizaa nani, nani ana mashamba wapi. Koo langu lilikuwa limekauka kwa vumbi la njia. Nikafungua kibegi, nikafungua kitambaa, nikatoa chupa yangu ya maji, nikanywa, nikaifunga, nikairudisha. Nilifanya hivyo bila kuwaza lolote, kama mtu anavyojipangusa jasho.

Nilichokiona ni kwamba mama wa binti hakunitazama mimi. Alikitazama kibegi. Na baba wa binti, aliyekuwa anaanza kusema neno, akaliacha.

"Kunywa hata funda," kaka yangu akaninong'oneza kwa Kikonongo, lugha ya kwetu.

Nilikuwa nimebanwa pande zote. Kunywa nimekatazwa, na zaidi ya kukatazwa nilikuwa na kiburi cha kuacha, nikiona nikinywa pale nitakuwa nimeangushwa na adabu tu. Kueleza nako siwezi, maana kueleza ni kuuweka mguu wa dada yangu pale kwenye kigoda. Nikatabasamu. Kaka yangu akaona aokoe jahazi: alikuwa amemaliza yake, akanyoosha mkono akachukua na yangu, akainywa yote, akabeua kwa sauti. Hapo ndipo alipoliharibu kabisa.

"Wageni wametoka mbali, wamechoka," mama wa binti akasema.

Baba wa binti akasema wametusikia, watazungumza, tutaambiwa. Mahari hatukuitaja. Magonjwa ya ukoo hawakuuliza. Kaka yangu alikuwa amejiandaa kwa swali hilo wiki nzima, na njia yote ya kurudi alinuna kama aliyeibiwa.

Mwanangu alikuja Jumapili iliyofuata. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi.

"Mama, ni kweli ulibeba maji yako?"

"Nabeba kila siku, si unajua?"

"Mimi najua. Wao hawajui." Akaihamishia kofia mkono wa pili. "Wanasema mama wa mwalimu alikuja na maji kwenye kibegi, anaogopa atawekewa kitu. Wanasema wamekaa hapa maisha yao yote, wamezika wazazi wao hapa, na bado kuna watu hawanywi kwao. Binti amekatazwa kuonana na mimi."

Nilianza kumweleza habari za daktari. Anazijua, ndiye aliyenipeleka.

"Soda moja, mama," akasema. "Umekunywa soda maisha yako yote. Ukashindwa hiyo moja?"

Aliondoka bila kula. Niliumia. Siku ya daktari niliogopa, lakini siku ile niliumia, na pia nilikasirika, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumlaumu aliye karibu. Nikaenda dukani kwa jirani yangu, nikamwambia afungue. Hakufanya utani. Nilikunywa chupa nzima nimesimama pale pale kwenye dirisha la nondo. Ilikuwa baridi sana na haikunisaidia chochote.

Kaka yangu alikuwa na mpango. Tutume mtu mwingine, tupeleke kreti nzima, tuseme mama alikuwa na mafua. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha siku ya kazi, katikati ya wiki, nikafunga duka, nikachukua bodaboda, nikaenda Katumba bila kumwambia mtu. Chupa ya maji niliiacha mezani, juu ya kitambaa chake. Vumbi lilikuwa jingi na nilifika mdomo umekauka hata salamu haikutoka vizuri.

Mama wa binti alikuwa barazani anapukuchua mahindi, peke yake. Aliitikia salamu, akanisogezea ncha ya mkeka, hakunyanyuka. Nikakaa. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikachukua hindi kwenye rundo, nikaanza kupukuchua na mimi, kwa sababu mikono yangu haijui kukaa. Hakunikataza. Tulimaliza kama ungo mmoja hivi.

"Mama," nikasema, "nimekuja kukwambia kitu ambacho kaka yangu amenikataza nisikiseme."

Nikamwambia. Mguu wa dada yangu, jinsi ulivyoanza na kuwaka kwa nyayo, na jinsi ulivyoisha. Nyayo zangu. Daktari, soda, na yale maji kwamba ndiyo dawa yangu, nayabeba mpaka madhabahuni. Kwamba tuliogopa watauogopa ukoo wetu, tukanyamaza. Alikuwa anapukuchua, punje zinaanguka, hakuinua macho.

"Mwanao anao huo ugonjwa?"

"Leo hana."

"Na kesho?"

Hapo ningeweza kusema neno tamu. Kaka yangu angelisema. "Kesho sijui," nikasema. "Siwezi kukuapia. Unaweza kuwa kwenye damu yetu."

Akaweka hindi chini. Nilijua kwamba labda mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na mimi mwenyewe ndiye nimeufunga. Nikamfikiria mwanangu amesimama na kofia mkononi.

"Nyie watu wa mjini mna mambo," akasema. "Unaficha ugonjwa, unaonyesha dharau. Ugonjwa sisi tungeuelewa. Watu wangapi nimeuguza mimi, na nimezika wangapi? Sukari ndiyo ya kunikimbiza?" Alikuwa na hasira, na hasira ile ilinipa nguvu kidogo, maana siku ya kikao hakuwa nayo, alikuwa na adabu tu. "Mzee wangu ana goti bovu. Baiskeli hapandi ila mgeni akija. Siku ile alipanda kwa ajili yako."

"Nililiona goti," nikasema.

"Uliliona, ukanywa maji ya kwenye kibegi."

Alinyanyuka akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu, mpaka nikafikiri labda ndiyo ameniaga. Aliporudi alikuwa na soda mkononi na mirija miwili.

"Hii ya mchungaji, nilikuwa nimemwekea," akasema. "Atakunywa chai."

Akaifungua. Akatia mirija yote miwili, akaishika chupa yeye mwenyewe, na kabla ya kunipa akavuta funda, akameza, nikiona koo lake likipanda na kushuka.

"Kwetu anaonja mwenye nyumba kwanza," akasema. "Mgeni anaona, anatulia, ndipo anakunywa. Siku ile ningeonja. Nikasema hapana, hawa ni watu wa mjini, watasema nimewachafulia chupa. Nikafanya ya kwenu. Sasa ona."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nikafanya lile ambalo halikuhitaji kufikiri: nilishika chupa upande wangu nikaweka kidole ubavuni, chini kidogo ya pale soda ilipokuwa imefika.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mwisho wangu," nikasema. "Ukiona navuka, ninyang'anye."

Akainamisha kichwa akakitazama kidole kwa makini kabisa, kama mtu anayesoma kipimo dukani. Nikavuta. Ilikuwa ya moto, na tofauti na ile ya dirisha la nondo ilikuwa tamu mpaka meno yakauma. Nilivuta polepole na nilitaka kuendelea, sitadanganya. Nilisimama kwenye kidole. Hakuna hata tone lililovuka, na nikamkumbuka dada yangu.

Mama wa binti alicheka, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akachukua chupa, akanywa iliyobaki mpaka mrija ukakoroma. Kisha akasema habari ya ukoo na damu si ya kwake kuamua, atamwambia mzee, na mzee ataomba. Akanipa hindi jingine. Nilipukuchua mpaka bodaboda akaja kunifuata.

Walitujibu baada ya wiki chache. Walikubali, na walituma neno kwamba kikao cha pili kaka yangu asinywe soda mbili. Yeye hilo hajalisahau mpaka leo. Harusi ilifungwa baada ya mavuno, gauni nilishona mimi, na mikono yote ilikaa upande wake.

Soda sijaacha kabisa, nisije nikaonekana mtakatifu. Jumamosi jioni, nikifunga duka, jirani yangu anafungua moja, anamimina kwenye glasi mbili, yangu anaijaza kidogo na yake sana, akinilaumu kwamba namharibia biashara. Ya saa nne imekufa yenyewe. Siku hizi nikichoka nasimama tu mlangoni natazama barabara. Nyayo bado zinawaka baadhi ya siku. Daktari anasema nimerudi nyuma hatua kadhaa kutoka mlangoni, nisimame hapo hapo, nisisogee.

Mwaka huu nilikwenda Katumba kumpelekea mkwe mwenzangu blauzi niliyomshonea. Nikamkuta barazani na rundo la mahindi, nikakaa kwenye ncha yangu ya mkeka, nikaanza kazi. Hatujakaa sana, mchungaji akaingia uwanjani na Biblia yake kwapani. Mzee akanyanyuka, akavaa koti, akatoa baiskeli. Ninakiri kwamba alipokuwa anatia chupa tupu kwenye kikapu nilitazama. Ilikuwa moja.

Alirudi na soda moja, na mkwe mwenzangu akaifungua, akaonja, akaiweka mbele ya mchungaji. Mimi nilikuwa na hindi mkononi. Sikuwa nimeitaka ile soda, na kama ningepewa ningeikataa kwa kueleza vizuri, kwa maneno marefu, nimeshajifunza. Lakini kupitwa vile kulinichoma kidogo, na kwa muda nikawa nayatazama mahindi tu.

Mchungaji naye akaona. "Na mama wa mjini je?" akauliza. "Mgeni naye hana cha kunywa?"

Mkwe mwenzangu hata hakuinua macho kwenye ungo.

"Mgeni ni wewe, mchungaji," akasema. "Huyo wa hapa. Maji yapo kwenye ndoo, akisikia kiu atachota."

Kibegi changu kilikuwa pembeni yangu, na chupa imo ndani imejaa. Nikanyanyuka, nikaingia ndani, nikafunua ndoo. Nikachota kopo moja, nikalimaliza nimesimama pale pale, nikachota na la pili.